Moja ya grep si hitilafu

Amri ya Unix ikimaliza huacha nyuma namba, yaani msimbo wa kutoka: 0 kazi imekwenda sawa, 1 hadi 255 kuna neno. Shida huanza tunapodhani kila kisicho 0 ni hitilafu. grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, ikipata mstari hutoa 0, isipopata hutoa 1, na ikishindwa kusoma faili hutoa namba inayozidi 1. Weka `set -e` (inayokatisha skripti amri ikitoa kisicho 0) mwanzoni mwa skripti, kisha neno likosekane: skripti hukatika palepale, kimya, na faili lenyewe ni zima.

Mimi huandika hivi:

```
hali=0
grep -q '^port=' app.conf || hali=$?
if [ "$hali" -gt 1 ]; then
  echo "app.conf halisomeki" >&2
  exit "$hali"
fi
```

`hali=0` isiachwe, maana grep ikifaulu upande wa kulia wa `||` hauguswi. Na ni `-gt 1`, si `-eq 2`: grep ya GNU hutoa 2, lakini POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, inasema tu "zaidi ya 1". diff na cmp, amri za kulinganisha faili, zina kanuni hiyohiyo.

Hifadhi `$?`, yaani msimbo wa amri iliyotangulia, mara moja. Hata echo moja katikati huifuta. `export X=$(amri)` nayo inaficha msimbo wa amri iliyo ndani, kwa kuwa namba unayoiona ni ya export. Tenganisha: `X=$(amri)` kwanza, export baadaye.

Kwenye paipu (amri zilizounganishwa kwa `|`), msimbo unaobaki ni wa amri ya mwisho. `set -o pipefail`, inayofanya paipu ihesabiwe imeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa, imeingia POSIX mwaka 2024 tu, kwa hiyo sh za zamani zaweza kuikataa. Faili la muda ni salama zaidi. Tena pipefail ina mtego wake: `grep -q` huondoka ikipata mstari wa kwanza, na amri inayoendelea kuandika huuawa na SIGPIPE, ishara ya kwamba msomaji wa paipu ameondoka. Hiyo ni ishara ya 13, na bash huonyesha 141, yaani 128+13. ksh93 hujumlisha na 256. Pima "zaidi ya 128", usipime 141.

Amri isipopatikana ni 127. Ikipatikana bila ruhusa ya kuendeshwa ni 126. Kuikagua mapema tumia `command -v`, kwa sababu `which` haimo katika POSIX.

Na usitoe idadi ya makosa kama msimbo. Namba hukatwa ibaki biti 8, hivyo katika sheli nyingi makosa 256 husomeka 0.