Matairi ya theluji: shemeji, nimekubali yaishe

Miaka miwili nimebishana na shemeji kuhusu matairi ya theluji. Yeye akisema nifunge, mimi namjibu: "Yangu bado mapya, kashata (yale meno ya tairi) hizo hapo, mengine ya nini?" Wiki iliyopita nikakanyaga breki kwenye taa nyekundu, gari likaendelea na safari yake taratibu, usukani mkononi umekuwa pambo tu. Likaja kusimama katikati ya makutano. Bahati hakukuwa na mtu.

Kumbe shida si kashata. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kawaida unakakamaa, haushiki barabara hata kama hakuna theluji. Wa tairi la theluji hubaki laini. Fundi akanionyesha alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Na yafungwe yote manne. Ukifunga mawili tu, gari linaweza kukuzungusha.

Halafu bima! Hapa Ontario, Kanada, tangu 2016, kampuni za bima zinatakiwa kutoa punguzo kwa aliyefunga matairi ya theluji. Nikapiga simu, wakaomba risiti, wakapunguza. Si hela nyingi, lakini misimu miwili nimeiachia bure. Shemeji bado anacheka.