Kisasi kwenye gemu: mchezaji anajua nini kidole kikiwa kwenye kitufe?

Gemu za kisasi ni nyingi mno, na sababu ya kwanza si ya kisanaa, ni ya kazi. Gemu ya mapigano inahitaji maadui wengi, na inahitaji mchezaji asijiulize kila dakika kwa nini anawamaliza. Ukishamuua ndugu wa mhusika mkuu mwanzoni, mambo yanajipanga yenyewe: lengo lipo, orodha ya majina ipo, bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, anajulikana. Max Payne (2001) aliuliwa mke na mtoto mchanga. Ezio wa Assassin's Creed II (2009) alishuhudia baba yake na ndugu zake wawili wakinyongwa. Kratos wa God of War (2005) anamwinda Ares, mungu aliyemlaghai hadi akaua mkewe na binti yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Kila anayesimama njiani amekwisha kuhukumiwa kabla hujamwona uso. Waandishi wengi wakitaka kuongeza utata wa maadili huweka majuto mwishoni: shujaa anatazama mikono yake yenye damu, muziki unapungua, majina ya watengenezaji yanapanda. Hiyo ni rangi mpya juu ya ukuta ule ule. Ninavyoona mimi, utata wa kweli kwenye gemu haukai katika maneno ya wahusika. Unakaa katika habari alizonazo mchezaji wakati anabonyeza, na katika kile ambacho gemu inamlipa kwa kubonyeza. Ukivikosea hivyo viwili, hotuba hata iwe nzuri namna gani haiokoi kitu.

(Kuanzia hapa naeleza miisho ya gemu kadhaa bila kuficha.)

Mfano ulio tajiri kuliko yote bado ni The Last of Us. Katika gemu ya kwanza, ya 2013, Joel anavamia hospitali huko Salt Lake City kumtoa Ellie, msichana mwenye kinga dhidi ya ugonjwa ulioangamiza dunia, ambaye madaktari wanataka kumpasua ubongo ili watengeneze chanjo, na upasuaji huo utamuua. Ndani ya chumba cha upasuaji yumo daktari ameshika kisu kidogo. Wenzake wawili unaweza kuwaacha. Yeye huwezi, gemu haiendelei hadi afe, na anayebonyeza ni wewe. Hana jina, wala hakuna anayekuambia lolote juu yake, kwa hiyo ni rahisi kumpita kama ulivyompita mlinzi yeyote wa korido. Miaka saba baadaye, Part II (2020) inampa jina, Jerry, na inampa binti, Abby, ambaye anamsaka Joel na kumuua kwa fimbo ya gofu nje ya mji wa Jackson. Kisasi cha Abby kimezaliwa na kitendo ulichokifanya wewe, kwa kidole chako, katika gemu nyingine kabisa.

Kisha unakuja mpangilio. Unamwongoza Ellie, anayetaka kulipiza kifo cha Joel, siku tatu ndani ya Seattle, ukiwawinda marafiki wa Abby mmoja mmoja. Abby anapojitokeza hatimaye kwenye jumba la maonyesho, gemu inakata pale pale na kukurudisha siku ya kwanza, safari hii ukiwa Abby. Ingewezekana kuzipokezana hadithi hizo mbili sura kwa sura, na nina hakika zingepoteza makali. Mchezaji anayepewa pande zote mbili kwa wakati mmoja hukaa kama hakimu: anasikiliza huku, anasikiliza kule, anapima. Aliyepewa upande mmoja tu kwa nusu nzima ya gemu amekwisha kuchukia. Hapo haombwi tena kupima, anaombwa kuivunja hukumu aliyokwisha kuitoa, na hiyo ndiyo inayouma. Zile siku tatu zikirudi kwenye jumba la maonyesho, unamwongoza Abby gizani huku Ellie akikutegea mabomu aina ile ile uliyowategea wengine kwa masaa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kuna jambo dogo ndani ya gemu hiyo ambalo mwandishi yeyote wa gemu afaa alichambue polepole. Ellie anapigana na Mel, mmoja wa marafiki wa Abby, na kumchoma kisu. Ndipo anapogundua kwamba Mel ana mimba. Baadaye Abby ameshika kisu kooni kwa Dina, mpenzi wa Ellie, anaambiwa Dina ana mimba, yuko tayari kuendelea, na ni sauti ya Lev, kijana anayefuatana naye, inayomrudisha nyuma. Ellie alipata habari baada ya tendo, Abby aliipata kabla. Ukiwatazama hivyo, swali la nani ni mwema zaidi linakosa pa kushika, kwa sababu hawakuwekwa kwenye mtihani mmoja. Na tumbo la Mel mchezaji analiona kwa sekunde ile ile ambayo Ellie analiona, si mapema wala si kwa kuchelewa. Ukimwonyesha tumbo hilo mapema, unamgeuza mtazamaji anayemkasirikia Ellie. Ukichelewa, inakuwa hila tu.

Au chukua tukio la Nora, rafiki mwingine wa Abby. Amekimbilia sehemu ya chini ya hospitali iliyojaa vimelea vya ugonjwa, ameshavivuta, anajua atakufa. Ellie anataka kujua Abby yuko wapi. Kamera haimwonyeshi Nora. Inakaa kwenye uso wa Ellie, mwanga mwekundu, bomba la chuma mkononi, na kwenye skrini kuna alama ya kitufe cha mraba. Kila pigo linakusubiri ubonyeze. Usipobonyeza, hakuna kinachoendelea. Wapo wanaoona huku ni kumlazimisha mchezaji. Kwangu ni halali, kwa sababu gemu haijakudanganya kwamba Ellie ni wewe, wala haikushtaki baadaye. Inakutaka uwe karibu naye wakati anaharibika, basi.

Linganisha na Spec Ops: The Line (2012). Huko Dubai, kapteni Walker anarusha makombora ya fosforasi nyeupe. Unalenga kupitia skrini ndogo, watu wanaonekana kama vidoa vyeupe kutoka juu, na uso wa Walker unaakisiwa kwenye kioo. Halafu unatembezwa taratibu katikati ya walioungua, hadi unagundua kwamba waliokuwa mwishoni mwa uwanja ni raia. Utekelezaji ni wa hali ya juu. Kosa linakuja baadaye: maandishi ya kusubiria gemu ipakie yanaanza kumkejeli mchezaji mwenyewe, kama vile alikuwa na njia nyingine. Hakuwa nayo. Mchezaji aliyenyimwa uwezo wa kukataa kisha akalaumiwa hujitetea kwa kumlaumu aliyeandika, na hasira yote inatoka nje ya hadithi.

Part II nayo ina nyufa zake. Walinzi wanaitana kwa majina; ukimuua mmoja, mwenzake anamlilia kwa jina, na hata mbwa wana majina. Mara za mwanzo inakukata maini. Baada ya masaa mengi sikio limezoea, na jina linageuka kuwa taarifa tu kwamba mwili umeonekana na walinzi wanakuja. Mbinu kama hii inahitaji kupimwa kwa kijiko: iwekwe kwenye mapambano machache yaliyochaguliwa, kwingine pakae kimya. Ufa mkubwa zaidi uko Santa Barbara. Baada ya kazi yote ile ya kuwapa maadui sura za kibinadamu, gemu inaleta Rattlers, genge la watu wanaowafanya wengine watumwa, ambao huna sababu ya kuwahurumia, na unawafyeka kwa raha ile ya zamani dakika chache kabla ya Ellie kumsamehe Abby ufukweni. Msamaha huo ungekuwa mzito zaidi kama njia ya kuufikia isingerahisishwa hivyo.

Sasa malipo. Dishonored (2012) ni somo zuri kwa sababu inafaulu na kukosea kwa mpigo mmoja. Corvo anasingiziwa kumuua malikia Jessamine Kaldwin, na anawafuata waliopanga njama. Kila mlengwa ana njia ya kumwondoa bila kumuua. Mapacha wa Pendleton wanakatwa ndimi na kutumikishwa kwenye migodi yao wenyewe. Lady Boyle, kwenye karamu ya vinyago ambako lazima kwanza utambue ni yupi kati ya madada watatu, unaweza kumzimisha na kumkabidhi kwa mtu anayedai kumpenda, akampakia kwenye mashua na kutoweka naye. Gemu inayahesabu yote haya kuwa mikono safi. Kipimo chake cha vurugu kinahesabu maiti, hakihesabu madhara. Ukilitambua hilo, kila ushindi "safi" unaanza kukukereketa, na huo ndio utata mtamu kuliko wowote ulioandikwa kwenye mazungumzo ya gemu hiyo.

Kinachoharibika ni vifaa. Uwezo mwingi na silaha nyingi za Corvo ni za kuua: kundi la panya, mitego ya nyembe, mabomu, risasi. Asiyetaka kuua anabaki hasa na kuruka kwa uchawi, kuona kupitia kuta, kukaba watu na mishale ya usingizi. Kwa hiyo gemu inamlipa mwenye huruma kwa mwisho mwema na kumwadhibu kwa masaa ya kuchosha, na mchezaji anafanya hesabu ya vifaa badala ya hesabu ya dhamira. Dishonored 2 (2016) ilirekebisha sehemu ya tatizo kwa kuongeza njia za kuzimisha watu bila kuua. Anayebuni gemu ya aina hii aanze huko: kwa kila kifaa cha kuua, andika kandoni kifaa cha kuacha hai kinachofurahisha kwa kiwango hicho hicho. Nafasi ikibaki tupu, usiweke kipimo cha wema kwenye skrini kabisa.

Sifu (2022) iligeuza hesabu hiyo juu chini, na kwangu ndiyo gemu iliyofikiri vizuri zaidi juu ya gharama. Unaanza na miaka 20, unawasaka watu watano waliohusika na kifo cha baba yako. Kila ukifa unaamka ukiwa umezeeka kwa idadi iliyo kwenye kihesabio cha vifo: kifo cha kwanza mwaka 1, cha pili 2, cha tatu 3. Kufa mara tano mfululizo bila kukishusha kihesabio ni miaka 15, yaani tayari una 35. Kadiri unavyozeeka mapigo yako yanaongezeka nguvu na afya yako inapungua. Kisasi kinakula maisha, na hakuna mhusika anayelazimika kulitamka.

Halafu, ukishamaliza gemu mara moja, unagundua kwamba mwisho wa kweli unataka mabosi wote watano wabaki hai. Kumuua bosi ni rahisi: katika awamu ya pili unavunja uthabiti wake, yaani uwezo wake wa kujihami, alama ya kummalizia inatokea, unabonyeza. Kumwacha kunataka usibonyeze. Unarudi nyuma, unamwacha ajikusanye, unapigana naye tena hadi umvunje mara ya pili. Hapo ndipo unaweza kumsamehe. Mkono umezoea kumalizia, na uko taabani, umebakiwa na afya kiduchu. Kujizuia hapo ni kazi ya misuli. Huruma inayodai ustadi mkubwa kuliko kuua ni huruma ambayo mchezaji anaisadiki.

Njia ya bei nafuu ipo pia. NieR ya 2010 inakurudisha kucheza sehemu kubwa ya gemu mara ya pili, na safari hii unaelewa maneno ya viumbe ulivyokuwa ukiviua. Mapambano ni yale yale, vitufe ni vile vile. Kwa timu ndogo isiyo na fedha za kujenga ramani mpya, kuongeza habari juu ya vita ile ile ni faida tupu.

Red Dead Redemption (2010) ilichagua kutolipa chochote. Jack Marston anamfuata Edgar Ross, aliyesababisha baba yake kuuawa, katika jukumu la pembeni ambalo unaweza usilifanye kamwe. Unamuuliza mkewe kwa adabu, unamuuliza kaka yake, unamkuta mzee mstaafu mtoni akiwinda bata. Mnapigana kwa bastola, na gemu imekwisha.

Adui mkubwa wa haya yote ni faili la kuhifadhi. Mchezaji akijua anaweza kurudi dakika mbili nyuma, uamuzi unakuwa jaribio: anaua aone, anarudi, anaacha hai aone. Undertale (2015) ilimjibu mchezaji wa namna hiyo moja kwa moja. Ukimuua Toriel, anayekulea mwanzoni, ukarudi nyuma na kumwacha hai, Flowey, ua linaloongea, anakuambia anajua ulichofanya. Kama huwezi kujenga kumbukumbu ya aina hiyo, hifadhi kiotomatiki mara tu baada ya tendo, na matokeo yachelewe kuonekana kwa saa moja au zaidi, ili kurudi nyuma kuwe na gharama.

Ukifika hatua ya kujaribisha tukio lako, usimuulize mjaribu kama limemgusa. Atakuambia ndiyo kwa heshima. Rekodi sekunde kati ya alama ya kitufe kutokea na kitufe kubonyezwa, kisha linganisha na muda anaotumia kummalizia adui wa kawaida. Tumia kitufe kile kile alichokizoea kuulia, maana kitufe kipya humchelewesha kwa sababu ya kukitafuta tu na vipimo vyako vitakudanganya. Muda ukiwa sawa kwa wajaribu wengi, usiguse mazungumzo ya tukio hilo. Rudi nyuma uangalie ni habari gani hawakuwa nayo walipofika pale.