Babu wa Kwenye Kadi

Jumatatu usiku nilikuwa nachora kadi, Kitinda akasimama nyuma ya kiti changu, anatafuna mfuniko wa kalamu, akauliza, "Mama, huyu babu kakasirika nini?"

Nikamwambia si babu, ni mtoto mchanga.

Akainama, akatazama tena. "Haya, mama." Akaenda kulala.

Swali lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni ile "haya". Fupi, ya upole, ileile ninayompa mimi akiniletea michoro yake ya mistari akisema ni tembo. Kumbe ndivyo inavyosikika kwa mwenye tembo wake. Jumanne naosha vyombo, naisikia. Jumatano niko kikaoni, naisikia. Alhamisi nimekabidhi ofisi baada ya miaka 9, watu wamesema ya kusema na wawili wamelia, na mimi nimesimama pale najiuliza: angekuwa ameniamini, si angesema "kumbe"? Mtu aliyeamini hasemi "haya".

Kadi hii ni ya wifi, na lazima niichore kwa mkono. Kwake za dukani naziona nyepesi.

Nilianza na maumbo, kwa sababu kuchora sijui. Duara la kichwa, yai la mwili, vidoti viwili vya macho. Nilikuwa na kanuni moja tu, ya tangu shuleni, kwamba macho hukaa katikati ya kichwa, nusu juu, nusu chini. Ni kanuni ya kweli, ila ni ya watu wazima. Nikayaweka hapo katikati, nikatia pua, na chini yake pakabaki uwanja mtupu hadi kidevuni. Nikaona niujaze: vistari viwili kutoka puani hadi pembe za mdomo, eti anatabasamu. Kisha nywele tatu utosini. Hebu mtazameni sasa. Upara, mikunjo, kidevu kirefu. Mtoto wa watu hakukosea. Uso wa mtoto mchanga kila ukiuongezea kistari unauzeesha miaka kumi.

Ijumaa nikatoa picha za Kitinda za miezi yake ya kwanza (najua, niliapa hapa kwamba sitazifungua tena mwaka huu) nikazipima kwa rula. Uso wake wote umeteremka! Paji limechukua nusu ya juu na zaidi. Macho yako chini ya katikati na yameachana, masikio yameyafuata hukohuko chini, pua ni kama haipo, mashavu yametokeza. Shingo usiitafute. Konrad Lorenz, yule mtaalamu wa tabia za wanyama, aliyaorodhesha mambo haya mwaka 1943, kwamba ndiyo yanayotulainisha moyo tukiona kitoto. Mimi nilikuwa naye ndani ya nyumba muda wote huo na sikuwahi kuyaona.

Halafu vipimo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima huingia mara 7 na nusu hivi. Wangu nilikuwa nimempa mikono ya kufika magotini. Mikono ya mtoto hata aiinue namna gani, inaishia utosini. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimvalisha fulana, naingiza vidole mkononi mwa nguo kuusaka mkono wake uliko.

Nikafuta. Duara sikuligusa. Nimeteremsha macho upana wa kidole, nimeondoa vile vistari viwili, mdomo nimeufanya mdogo kuliko nilivyodhani unafaa. Basi. Nilipoinua kifutio, mtoto ananitazama. Nilicheka peke yangu saa sita usiku hadi nikajiziba mdomo.

Mwili nimemkalisha: kichwa kimoja, na chini yake yai lisilokizidi ukubwa. Katuni inaruhusu. Mikono ndiyo iliyonitesa hadi leo asubuhi. Kile kikunjo cha kwenye kiwiko cha mkono kila nikikichora kinageuka bangili.

Kitinda amepita hapa akitafuta kiatu. Amesimama. Sikumwuliza kitu, hata kichwa sikugeuza.

"Mbona hana blanketi?"

Nikamchorea blanketi. Mstatili, pembe nimeziviringa. Limefunika mikono yote miwili, na sijalalamika.

Nilikuwa niishie hapo, ila nimefungua mkoba kutafuta bahasha ya kadi, nikakuta ufunguo mdogo umejibana kwenye mshono. Ni wa lile kabati la mafaili. Alhamisi nilitia saini kwamba nimezikabidhi zote 3, na tulizihesabu mbele ya watu. Sasa sijui waliihesabu ipi mara mbili.