Mwaka Ulioangukia Maji Mafu

Mwaka ule, mnamo miaka ya tisini, Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa Waswahili wa kufuata jua, ilitukuta mwezi una siku tisa, na kwa nyumba inayoogea Mwaka baharini hiyo si siku nyepesi. Mwezi ukiwa na siku tisa ni maji mafu. Bahari ya Lamu haijai ikagonga ukuta wa pwani, wala haipwi ikaacha mchanga mtupu. Zaidi ya hayo, alfajiri, saa ambayo wengi huteremka kuoga, maji huwa yamekwisha kupwa na yameanza kujaa. Nyanya hakukubali kuogea maji ya kujaa. Taka za mwaka, alisema, hupewa maji yanayoondoka. Ukizipa maji yanayokuja utarudi nazo nyumbani.

Mwaka wenyewe ni wa jua, na maji ni ya mwezi. Hapo ndipo penye kazi yote, na ndipo wengi wa siku hizi wanapopaacha. Hesabu ya Mwaka huu, iitwayo Nairuzi, ina siku 365, zimegawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano za kufungia. Manahodha na wakulima waliishika kwa sababu pepo na mvua hufuata jua, ilhali miezi ya mwandamo huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Hesabu hii haina siku ya kuongeza, kwa hiyo kila miaka minne Mwaka hurudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Sasa uko Julai; miaka mia iliyopita ulikuwa mbele zaidi, Agosti.

Mjomba, aliyekuwa baharia wa jahazi, ndiye aliyeshika hesabu ya nyumba yetu. Alichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, mstari mmoja kwa kila mwongo, na mistari ikifika 36 akaanza kutia nukta tano. Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kuruka siku wakati wa safari au msiba, na lina dawa yake. Siku 365 ni juma 52 na siku moja, kwa hiyo Mwaka ukianza Jumatatu, unaofuata lazima uanze Jumanne. Hesabu ikikuangusha Jumatatu tena au Jumatano, kuna siku uliyoila au uliyoiongeza. Rudi nyuma uitafute. Mwaka ule nukta ya tano ilikaa siku yake sawasawa.

Siku huanza magharibi, kwa hiyo moto wa mwaka mkuukuu ulizimwa kabla ya jua kutua. Jiko letu lilikuwa juu, chini ya makuti, mafiga matatu na majivu ya muda mrefu katikati. Majivu hayazolewi yakiwa moto. Juu yanaonekana meupe, ndani yanaficha kaa, na kaa moja likiingia kwenye kikapu cha ukindu linatoboa kitako njiani, au linalala kwenye kikapu mpaka usiku wa manane na makuti yako juu yake. Nyanya aliyatawanya kwa upawa sakafuni, akanyunyiza maji kiasi cha kuyatia unyevu bila kuyafanya uji, akayaacha mpaka baada ya isha. Kisha akayapima kwa kiganja, akichoma mkono ndani mpaka kwenye kifundo. Baridi kote? Ndipo yakaingia kikapuni.

Nyumba ilifagiliwa kutoka ndani kwenda nje: chumba cha ndani kwanza, kisha misana, yaani kumbi ndefu, kiwanda, yaani ua wa ndani, na mwisho daka, ukumbi wa mlangoni. Ukianzia dakani unasukuma vumbi ndani, kule unakotaka kulitoa. Vidaka vya ukutani vilifutwa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu, maana chokaa ya zamani ikipigwa ufagio mkavu inamomonyoka. Birika la maji halikukaushwa. Lilichotwa nusu, likajazwa maji mapya ya kisima, kwa ajili ya wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ukikausha birika lote unawaua, na baada ya juma moja nyumba nzima haipati usingizi.

Nafaka ziliroweshwa mchana. Hili halina mjadala, kwa kuwa hakuna moto mpaka alfajiri, na ukisahau, chakula cha Mwaka kitaliwa alasiri. Sufuria ya nyumba yetu ilikuwa na aina saba: kibaba kimoja cha mahindi makavu, na nusu kibaba nusu kibaba za mtama, njugu mawe, kunde, mbaazi, fiwi na pojo. Kila aina bakuli lake. Wanaozirowesha pamoja hujuta jikoni, kwa sababu njugu mawe hutaka saa mbili na zaidi motoni hata baada ya kuloweka, na pojo nusu saa tu zimepasuka zimekuwa uji.

Sasa maji. Siku ya mwezi kama ile, maji hujaa kama saa tano usiku, kisha hupwa mpaka karibu na saa kumi na moja. Adhana ya alfajiri ikilia, yamekwisha kusimama. Nyanya akaamua tuwe majini saa kumi kasoro robo, ili wa mwisho atoke kupwa kungali na nguvu, hata nguvu ile ndogo ya maji mafu. Mwezi ulikuwa umekwisha kutua tangu saa saba na nusu, giza totoro, na upepo wa kusi ukivuma. Mjomba akatangulia na fanusi, akiikinga kwa shuka. Binamu mmoja akawa anasitasita mlangoni kwa ajili ya baridi.

"Wangojani?" Nyanya akamwuliza. "Maji hayakungoji wewe."

Tulishuka upande wa kusini wa mji, kwenye njia ya kwenda kijiji cha Shela, wanawake na watoto mahali pao na wanaume mbali kidogo. Maji mafu yana tabia mbili za kujihadhari nazo. Kwanza, usipoingia mpaka kiunoni hutapata maji yanayotembea. Karibu na ufuo yamelala tu, na majivu ukiyamwaga pale yanaelea yakikuzunguka magotini. Pili, nyenga, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hupenda kulala kwenye mchanga wa maji matulivu. Kwa hiyo hupigi hatua. Unaburuta nyayo, ili umguse kwa ubavu akimbie, kuliko kumkanyaga mgongoni akakupiga mwiba. Nyanya alituamrisha hivyo mara nyingi kiasi kwamba hata leo sijui kuingia baharini usiku kwa namna nyingine.

Majivu yalimwagwa kwanza, na Mjomba, upande wa chini wa sisi tunaooga. Aliinamisha kikapu chini ya uso wa maji na kukigeuza polepole. Ukiyamwaga kutoka juu, kusi anakurudishia usoni. Fanusi ilionyesha wingu jeupe likijinyoosha taratibu kuelekea Shela na bahari kuu, na Nyanya akaliangalia mpaka akaridhika kwamba kweli linakwenda. Ndipo akasema bismillahi, akazama mara tatu, uso ukielekea yanakokwenda maji, nasi nyuma yake mmoja mmoja kwa umri. Hakuna kupiga makelele. Hakuna kujisugua kwa sabuni vilevile. Sabuni ni ya nyumbani, pamoja na maji ya kisima yaliyotiwa majani ya mrehani usiku ule.

Niseme waziwazi, maana swali la kama haya yanapatana na Uislamu huulizwa kila mara. Wapo masheikh waliokataza haya yote, wakisema ni mabaki ya kabla ya Uislamu, na majirani wawili watatu walikuwa wameacha. Nairuzi jina lake limetoka Uajemi, na moto mpya na kuoga huenda ni mambo ya kale kuliko misikiti yetu; sioni haja ya kuficha. Lakini mwanamke niliyemwona akizama gizani alianza kwa jina la Mungu, akatoka majini akaenda kuswali alfajiri kwa wakati. Hakuomba bahari kitu. Alikuwa anafunga hesabu ya mwaka na nyumba yake. Naiheshimu kazi ile kwa moyo wangu wote, na naona ni hasara kubwa kuiacha ipotee kwa aibu.

Baada ya swala ukaja moto. Nyumba nyingi zilikuwa zimehamia kiberiti, na sioni ubaya, ila Nyanya alitaka moto uliopekechwa. Ulimbombo, ule mti laini wa chini, ulikuwa mtakawa mkavu wa urefu wa shibiri mbili. Ulindi, kijiti kigumu cha juu, ulikuwa wa dhiraa moja na unene wa kidole cha mwisho. Vyote vilikaa dari ya jiko tangu miezi mingi, juu ya moshi. Julai ya Lamu ina unyevu wa bahari, na mti ulioachwa wazi usiku mmoja tu unatoa moshi mwingi na kaa hata moja hakuna.

Kishimo kilichongwa karibu na ukingo wa ulimbombo, na kutoka kwenye kishimo ukakatwa mfereji mwembamba kuelekea nje, ili unga unaosagika uwe na pa kumwagikia. Bila mfereji unga unabaki shimoni unazima joto. Mjomba na binamu walipokezana: viganja vya mmoja vikiteremka na kufika chini, mwenzake amekwisha kushika juu, kijiti kisipate nafasi ya kupoa. Mara ya kwanza walianza kwa kasi mno. Mti ukang'aa kama sahani, kijiti kikawa kinateleza tu. Nyanya akaleta chembe za mchanga mkavu, akazitia shimoni, akawaambia wakandamize kwanza na wakimbie baadaye.

Rangi ya unga ndiyo inayosema. Ukiwa wa hudhurungi hafifu, hamkandamizi vya kutosha. Ukitoka vipande vipande, mnakandamiza kupita kiasi. Ulipokuwa mweusi na moshi ukaanza kutoka kwenye unga wenyewe badala ya kwenye kijiti, Nyanya akasema "Basi," akauacha upumue kidogo. Kaa lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Akaliangusha kwenye kiota cha makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yakawa laini kama nywele, akakikunja bila kukibana, akapuliza kwa pumzi ndefu nyembamba kutoka chini. Makumbi yakashika.

Yaliyobaki ni mapishi. Mahindi na njugu mawe vilianza peke yake, saa moja baadaye mtama, mbaazi na fiwi, kisha kunde, na pojo mwisho. Chumvi haikutiwa mpaka kila punje ilipobonyea kati ya vidole. Nazi mbili: tui la pili likatiwa mapema likaivia ndani, tui zito likangoja moto upunguzwe, likamiminwa huku mwiko ukizunguka upande mmoja bila kusimama. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta juu na maji chini, na hakuna kulirudisha. Makaa ya kwanza ya moto mpya yalikuwa yamekwisha kutengwa kwenye chetezo, na ubani ukapitishwa vyumbani kwa njia ileile ya ufagio. Chakula kikateremka karibu na saa tano, sahani ya kwanza ikapelekwa kwa jirani aliyeacha Mwaka. Aliipokea, na sahani ikarudi na tende.

Wakati tunakula, Nyanya alikuwa tayari anapiga hesabu ya mbele. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja, alimwambia Mjomba, kwa hiyo Mwaka ujao utatukuta mwezi una siku ishirini. Maji yatapwa mpaka saa nane usiku, basi tuoge saa saba. Na mwezi utakuwa juu, fanusi ya nini? Na ule utakaofuata utakuwa mwezi mwandamo, bamvua, yaani maji makubwa, maji yakianza kupwa karibu na saa kumi na moja kasorobo, kwa nguvu zote. Huo, akasema, hata waliolala wataoga kwa wakati. Mjomba akaenda nyuma ya mlango wa jikoni na kipande cha mkaa wa moto mpya, akafuta mistari ya zamani, akaandika juu kabisa zile namba mbili za mwezi, ishirini kisha moja, kabla hajazisahau.