Siku yangu moja: zamu ya wazee mchana, uraia usiku

Saa kumi na moja alfajiri. Lowell, Massachusetts, giza totoro. Nakwangua barafu kwenye kioo cha gari huku simu ikinisomea maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani. Marekebisho ya Katiba ni mangapi? 27. Wabunge wenye kura katika Baraza la Wawakilishi? 435. Namba hazinibabaishi, sisi wa 8-4-4, ule mfumo wa shule wa Kenya, tulikariri mazito kuliko haya.

Saa moja. Naingia zamu. Simu inabaki kabatini, kwa hiyo natembea na kadi za maswali mfukoni.

Saa tatu. Namvalisha bibi mmoja soksi za kubana. Zataka uzikunje mpaka kisigino, kisha uzivute polepole zisichubue ngozi. Bibi alikuwa mwalimu na hana haraka. Ananiuliza: kwa nini wawakilishi hukaa miaka miwili na maseneta miaka sita? Najibu: ili wawakilishi wafuate maoni ya wananchi kwa karibu zaidi. Anataka niseme tena, kwa sauti, bila kumeza maneno. Mtihani mpya una meno hapo, kwenye "kwa nini". Tuliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 tunasomea maswali 128. Ofisa wa uhamiaji anauliza hadi 20, nawe lazima upate 12. Dada mmoja wa kanisani aliyetuma mapema aliulizwa kumi, sita yakamtosha. Simwonei wivu. Sana.

Saa sita. Chakula. Mwenzangu wa Tanga ameshatimiza muda wa kuomba, siku nyingi. Mimi Katiba ya Kenya ya 2010 inaniachia uraia wangu wa kuzaliwa; yeye akila kiapo hapa, wa Tanzania umekwenda. Nikimgusia, hunijibu, "Mama yangu bado yuko hai," na mazungumzo yanaishia hapo.

Saa tisa natoka. Usingizi kidogo, ugali, sukuma.

Saa mbili usiku. Sasa kazi yenyewe. Watu huogopa historia, lakini ofisa atapitia pia fomu yangu ya kuomba uraia, N-400, na hakuna kadi ya kukariri maisha yako mwenyewe kwa Kiingereza. Safari zote za nje kwa miaka mitano, siku ya kutoka na ya kurudi. Nageuza pasipoti kwenye taa. Muhuri wa Nairobi, nilipoenda kumzika baba, umefifia kiasi kwamba tarehe naipata kwenye risiti ya tiketi.

Mwanangu ndiye ofisa. Amevaa tai.

"Sheria ikikutaka, utabeba silaha kuitetea Marekani?"

"Na mgongo huu wa kuinua wazee?"

"Mama, ofisa hataki utani. Ndiyo au hapana."

Ana miaka 15 na kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, tunaishi pamoja. Nikiapa kabla hajatimiza 18, naye anakuwa raia papo hapo, bila kuulizwa swali hata moja. Ndiyo maana ana ujasiri wa kunikaripia.