Ukilia Naongeza

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tuko Ezekieli 18.

Niwaambie kwanza kilichonipeleka huko. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Sisi tunaouza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, tunazijua: taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwezi, mitumbwi inapaki, nasi tunalala na madeni. Nilikuwa mlangoni nachambua dagaa wa mboga. Binti yangu wa miaka sita alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mawe yetu ya Igogo, na gunzi alilolivika kitambaa. Ndiye mtoto wake. Nikasikia kandambili: pa! pa! Kisha sauti yake ndogo: "Nyamaza! Ukilia naongeza."

Mkono ukaniganda ndani ya ungo. Hayo maneno ni yangu. Kabla hayajawa yangu yalikuwa ya mama yangu, na yeye, kwa alivyowahi kunisimulia, aliyapata kwa bibi, ng'ambo kule Sengerema. Gunzi halilii. Lakini mwanangu anajua kwamba mtoto akipigwa hulia, na akilia huongezewa.

Watu wa Ezekieli walikuwa uhamishoni Babeli, na walikuwa na msemo wao: baba wamekula zabibu mbichi, meno ya watoto ndiyo yametiwa ganzi. Zabibu huku hatulimi, ila embe bichi kila mtu analijua. Walimaanisha, tumerithi, tufanyeje? Mungu akawakataza kuusema tena. Kisha anataja baba mwenye haki, mwana mkatili, na mstari wa 14 anafika kwa mjukuu: huyu anayaona yote aliyoyatenda baba yake, anaogopa, hayafanyi.

Anayaona. Hapo nimekwama wiki nzima. Maana sisi hatuyaoni, tunayasifia. "Nilipigwa nikawa mtu," nani kati yetu hajaisema? Nimeisema mbele ya akina mama wenzangu, wakacheka, wakapiga makofi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Benchi la kanisa lenye watu wanne, watatu. Tumekaa pale na maumivu tumeyakunja vizuri kama vitenge sandukuni, tunaimba.

Najua wapo watakaonitajia fimbo ya Mithali. Ipo. Lakini na Wakolosai 3:21 ipo: tusiwachokoze watoto, wasije wakakata tamaa. Tena niseme ukweli. Siku mbili kabla ya lile gunzi nilimchapa binti yangu kwa ndoo ya maji aliyoimwaga. Sikuwa namfundisha kitu. Nilikuwa nadaiwa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Kama kwenu yamevuka hapo, kama kuna mtoto au mama anaumizwa, tusimwambie avumilie huku tukimwombea. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya kusaidia watoto ni 116. Tumsindikize.

Jioni ile nilimwita. Nikapiga magoti ili macho yetu yalingane, nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Nikamwambia na kulia anaruhusiwa. Hakulia. Alinishika shavu kwa mkono wake wenye vumbi, akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na bibi naye alikuomba msamaha?"

Nikamwambia, bado.

Jumamosi, Mungu akipenda, napanda kivuko cha Kamanga kwenda kumwona mama. Namchukulia sukari na kitenge. Siendi kumshtaki. Nataka nikae naye jikoni, nimuulize yeye alipokuwa mdogo akilia, nani alikuwa anambembeleza. Mniombee.