Jani Moja Chini ya Mti wa Mepo

Juzi asubuhi nilipiga magoti nyuma ya nyumba, nikapekua majani makavu kwa vidole, na nikaliona: jani moja tu, jembamba, refu kama kiungo cha kidole. Nilipiga ukelele hadi mke wangu akatoka mbio akidhani nimeumia.

Ni mche wa triliamu nyeupe, ua ambalo ni nembo ya jimbo la Ontario, hapa Kanada, tangu 1937. Nilipanda mbegu yake ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikikauka huharibika. Zimepita baridi mbili. Baada ya ile ya kwanza mbegu hutoa mzizi tu, huko huko chini, na juu huoni kitu. Kwetu nilikokulia, mbegu ikimaliza wiki tatu haijachipuka unapanda nyingine. Hapa nilijifunza kutofukua.

Kabla ya hapo nilihangaika na nyasi chini ya mti huu wa mepo (maple), zikafa kila mwaka kwa kukosa jua. Kumbe mahali hapa pana wenyewe. Mwezi wa nne mti bado uko uchi na jua linafika chini. Triliamu hutumia nafasi hiyo, mwezi wa tano inachanua petali tatu nyeupe juu ya majani matatu, na zikizeeka petali hugeuka waridi. Majani ya mti yanayodondoka siyazoi tena. Yakioza ndiyo mbolea yake.

Miche mitatu ya kwanza niliinunua kwa bei rahisi, yote ikafa. Ilikuwa imechimbwa msituni. Ndugu zangu mlio huku, ulizeni kwanza kama mche umeoteshwa kwa mbegu kitaluni. Na mkitembea msituni msilichume ua hili: likiondoka na majani yake, mmea hauna tena cha kujilisha.

Kinachonifurahisha zaidi ni sisimizi. Kila mbegu ina kipande kidogo laini chenye mafuta. Sisimizi huibeba hadi shimoni, hula kile kipande, kisha mbegu yenyewe huitupa kwenye takataka zao, penye rutuba. Hivyo ndivyo ua hili linavyohama.

Tangu mbegu hadi ua ni miaka saba, pengine kumi. Binti yangu wa darasa la tatu amepiga hesabu, akasema atakuwa sekondari. Kisha akachomeka kijiti kando ya lile jani, mtu asije akalikanyaga.